Njia ya Misafara na Kidudu Kinachokula Kidudu

Historia ya Tabora imezoea kuandikwa kwa majina ya wakubwa. Tunasoma habari za Waarabu wa Kaze na matembe yao, za Mirambo na vita vyake vya mwaka 1871, za Isike aliyekufa ndani ya boma lake Januari 1893 akipigana na Wajerumani, na za Livingstone na Stanley waliokaa pamoja Kwihara mwaka 1872. Hayo yote yalitokea na yafaa kusomwa. Lakini katika njia ile ile alipita msafiri mwingine, asiyelipa hongo kwa mtemi yeyote wala kuomba ruhusa ya Sultani. Aliingia katika tembe la tajiri na katika kibanda cha mpagazi bila kubagua. Msafiri huyo ni kipindupindu.

Nataka tumtazame msafiri huyu kwa makini, maana katika miaka ya karibuni wataalamu wamegundua juu yake jambo ambalo wazee wetu hawakuweza kulijua. Wamegundua kuwa kijidudu cha kipindupindu kina kidudu kingine ndani yake, kidogo zaidi, na kwamba sumu inayoua watu imetoka kwa huyo mdogo. Tena wamegundua kuwa wako ndugu wa huyo mdogo ambao kazi yao ni kumla kijidudu cha kipindupindu na kummaliza. Katika jambo hili mna mafunzo kwa mwenye akili, na mna hatari pia kwa atakayelifahamu nusu nusu.

NJIA NA MAJI YAKE

Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni safari ya zaidi ya kilomita 800. Msafara wenye mizigo uliweza kuchukua miezi mitatu njiani. Ulipanda milima ya Usagara, ukafika Mpwapwa, ukavuka nyika ya Marenga Mkali, ukaingia Ugogo, ukavuka pori la Mgunda Mkali, ndipo ukaona mashamba ya Unyanyembe. Wenye kuendelea walikwenda Ujiji, na kutoka hapo wakavuka ziwa hadi Manyema. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilipanda bara. Pembe za ndovu ziliteremka pwani. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu waliojulikana kwa nguvu na kwa uaminifu wa kazi, kila mmoja akibeba mzigo wa kilo 30 au zaidi begani. Na tusifiche lililo kweli: pamoja nao walikuwamo wanadamu waliotiwa minyororo, waliotembezwa kama bidhaa, nao ndio waliokunywa maji yaliyobaki baada ya wengine wote.

Mtu akiisoma njia hii katika ramani huona milima na miji. Waliotembea kwa miguu waliihesabu kwa maji. Jina la Marenga Mkali lenyewe ni habari ya maji machungu. Kirangozi aliyeongoza msafara ilimpasa ajue kisima kiko wapi, bwawa gani hukauka mwezi gani, na Ugogo wapi maji hulipiwa. Kiangazi kikishika, watu mamia kwa mamia walikutana penye kisima kimoja. Msafara unaopanda ulilala pale ulipolala msafara unaoteremka. Hapo hapo walipika, walioga, walinywesha punda wao, na pembeni kidogo walikwenda haja. Asubuhi waliondoka, na jioni wakaja wengine kunywa.

Mwenye busara ataona tangu hapa kuwa njia iliyounganisha watu kwa biashara iliwaunganisha pia kwa kinywa kimoja cha kisima.

WALIYOYAANDIKA WALIOKUWAPO

Zanzibar wakati ule alikuwapo daktari Mskoti, James Christie. Mwaka 1876 alichapisha London kitabu juu ya maradhi ya kipindupindu katika Afrika ya Mashariki, akieleza namna yalivyoingia na kuenea tangu mwaka 1821 hadi 1872. Kitabu hicho kina thamani kwetu kwa sababu ya jinsi kilivyoandikwa. Christie aliwauliza wafanyabiashara, manahodha na watu wa misafara: uliona wapi mgonjwa wa kwanza, ulitoka wapi, ulikutana na nani njiani? Kwa maneno yao akachora njia ya maradhi kama vile mtu achoravyo njia ya msafara.

Katika maradhi ya 1858 na 1859, Burton, aliyefika Kaze mwezi Novemba 1857 pamoja na Speke, aliporudi pwani alikikuta kipindupindu kikiangamiza watu wa Kilwa. Ama maradhi makubwa ya 1869 na 1870 yalikuja kwa mlango ambao watu hawakuutazamia. Mara hii hayakushuka kutoka jahazini. Christie aliyafuata kutoka upande wa Bahari ya Shamu na Uhabeshi, yakapita nchi za wafugaji hadi Umasaini, yakateremka Pangani, na mwezi Novemba 1869 yakaingia mji wa Unguja. Kutoka pwani yakashika njia ya misafara kuelekea bara. Livingstone, aliyekuwa Manyema mwaka 1870, alipata huko habari za msiba huu, na miongoni mwa wapagazi waliokuwa wakimpelekea vitu walikuwamo waliokufa kwa kipindupindu kabla hawajamfikia.

Jina lenyewe la kipindupindu limebeba neno la kupindua, na aliyewahi kumwona mgonjwa hahitaji kuelezwa sababu. Mtu huamka mzima, adhuhuri anaharisha maji meupe kama ya mchele, jioni macho yameingia ndani na ngozi imekunjamana. Mgonjwa aliyezidiwa aweza kupoteza lita nzima ya maji kwa saa moja. Asipotibiwa, karibu nusu ya waliozidiwa hufa.

Wazee wetu waliona mambo mawili yaliyowashangaza. La kwanza, maradhi haya hufuata njia za watu. La pili, yakishaua sana hupungua yenyewe na kuondoka, hata pale ambapo hakuna aliyejua dawa. Yakiondoka, kila mmoja alikisifu alichokuwa akikitumia siku zile: huyu hirizi yake, yule mizizi yake, mwingine moshi aliofukiza. Wala hatuwezi kuwacheka, kwa kuwa hata madaktari wa Ulaya wakati ule walikuwa wakibishana kama maradhi yamo katika hewa mbaya au katika maji.

KILICHOMO NDANI YA KIJIDUDU

Mtaliana Filippo Pacini alikiona kijidudu cha kipindupindu kwa darubini mwaka 1854, lakini wengi hawakumsikiliza. Mwaka 1883 na 1884 Mjerumani Robert Koch alikitafuta Misri na kisha Calcutta, akathibitisha kuwa ndicho chenye kuleta maradhi. Ni kijidudu kilichopinda kama alama ya mkato, chenye mkia kinaochezesha ili kuogelea. Mwaka 1905, katika karantini ya Tur, pwani ya Sinai, walipokuwa wakizuiliwa mahujaji waliorejea kutoka Makka, ikapatikana aina yake nyingine. Aina hiyo imepewa jina la mahali pale, na ndiyo iliyoanza kuenea duniani kutoka Indonesia mwaka 1961, ikaingia Afrika mwaka 1970.

Lakini liko fumbo. Vijidudu vya ukoo huu vimejaa katika maji ya chumvi kidogo, kwenye midomo ya mito na kando ya bahari, navyo vingi havimdhuru mtu kwa maradhi haya. Kwa nini basi baadhi yake viue na vingine visiue?

Jibu lilianza kutafutwa kwa mlango mwingine. Mwaka 1896 Mwingereza Ernest Hankin, aliyekuwa akifanya kazi Agra, aliandika kuwa katika maji ya mito Ganges na Jumna mna kitu kinachoviua vijidudu vya kipindupindu, na kwamba maji hayo yakichemshwa nguvu ile hupotea. Mwaka 1915 Mwingereza Frederick Twort, na mwaka 1917 Félix d'Herelle huko Paris, kila mmoja kwa njia yake, wakaeleza kitu kidogo mno kinachopenya katika chujio linalozuia bakteria, nacho huwaua bakteria. D'Herelle akakiita bakteriofaji, yaani mla bakteria. Leo tunajua kuwa ni aina ya virusi. Havimgusi mwanadamu wala mnyama. Riziki yao ni bakteria peke yake, na mara nyingi kila aina ya kirusi ina aina yake ya bakteria inayoiwinda.

Namna yake ya kazi ni hii. Kirusi hakina miguu wala mdomo. Huelea majini mpaka kikutane na bakteria anayefaa, kikamshika, kikamtilia ndani maagizo yake ya uzazi. Hapo yule bakteria hugeuka mtumwa katika nyumba yake mwenyewe: anaacha kazi zake na kutengeneza virusi, makumi kwa makumi, mpaka anapasuka na virusi wanatoka kuwinda wengine. Lakini wako virusi wenye tabia nyingine. Hao wakiingia hawaui. Hujishona katika maagizo ya uzazi ya bakteria na kukaa kimya, na bakteria akizaa huzaa nao, kizazi baada ya kizazi.

Sasa lije la ajabu. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos, wataalamu wa Marekani, walionyesha kuwa maagizo ya kutengeneza sumu ya kipindupindu yameletwa ndani ya kijidudu na kirusi cha namna hii ya pili, chembamba kama uzi. Kirusi kikiingia katika kijidudu kisicho na sumu, kijidudu hicho hupata sumu. Sumu hiyo ndiyo inayoziamrisha chembe za utumbo zimwage chumvi na maji bila kikomo. Basi muuaji aliyepita njia ya Unyanyembe alikuwa na silaha ya kuazima.

Huenda msomaji akauliza: tutajuaje kuwa hali ilikuwa hivyo hata karne ya 19? Uko ushahidi. Katika nyumba ya makumbusho huko Philadelphia uliwekwa utumbo wa mtu aliyekufa kwa kipindupindu mwaka 1849. Mwaka 2014 wataalamu walitangaza kuwa wamesoma maagizo ya uzazi ya kijidudu kilichobaki ndani yake, wakakuta maagizo ya kirusi cha sumu yamo tayari.

MPAGAZI ASIYEONEKANA

Mtu wa Tabora atalifahamu jambo hili kwa mfano wa upagazi. Mpagazi huchukua mzigo kutoka kwa huyu akaupeleka kwa yule, na mji usiokuwa na nguo ukapata nguo. Virusi hawa ni wapagazi wa bakteria. Hubeba maagizo kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, na aliyepokea hupata uwezo ambao wazazi wake hawakuwa nao. Mzigo mwingine ni sumu, kama hii ya kipindupindu. Hata sumu ya dondakoo hubebwa na kirusi. Mzigo mwingine ni manufaa: baharini wako virusi wanaobeba maagizo yanayosaidia bakteria wa kijani kuendelea kutumia nuru ya jua.

Wala kazi yao haiishii hapo. Katika kila mililita ya maji ya bahari mna virusi wapatao milioni 10, wingi wao wakiwa wa bakteria. Inakadiriwa kuwa kila siku huua kama sehemu moja katika tano ya viumbe wadogo wa baharini. Ungedhani huo ni uharibifu mtupu. Lakini bakteria akipasuka, chakula kilichokuwa mwilini mwake humwagika majini na wengine wakakitumia. Tena aina ya bakteria iliyozidi sana ndiyo inayokutana zaidi na virusi wake, basi ndiyo inayopunguzwa, na aina dhaifu zikapata nafasi ya kuishi. Ni kama palizi ya shamba: lililotambaa kupita kiasi linapunguzwa, na mengine yanapata jua. Haya hupita majini, udongoni, na ndani ya matumbo yetu sisi wenyewe, usiku na mchana, na hakuna anayeyasikia. Muumini akiyatazama ataikumbuka mizani ambayo Mwenyezi Mungu ameiweka katika viumbe vyake.

KWA NINI MARADHI HUPUNGUA YENYEWE

Sasa tunaweza kulirudia lile lililowashangaza wazee. Huko Dhaka, Bangladesh, kipindupindu huja kwa majira. Watafiti walipima maji kwa muda mrefu, na mwaka 2005 wakaeleza walichokiona: maradhi yanapopanda, vijidudu huwa vingi majini na virusi wanaovila huwa wachache, kisha virusi huongezeka, katika maji na katika choo cha wagonjwa wenyewe, na maradhi huanza kushuka. Mwindaji hushiba na kuzaa pale mawindo yanapokuwa mengi. Hiyo si sababu pekee, kwa kuwa waliopona hupata kinga kwa muda, na mvua na joto vina sehemu yao. Lakini ni sababu mojawapo.

Virusi wa namna hii wako kwetu pia. Mwaka 2014 watafiti wa Kenya na wenzao walichapisha habari za virusi wanaokula kijidudu cha kipindupindu, waliowapata katika maji ya eneo la Ziwa Viktoria.

Kwa hiyo haiwi ajabu ikiwa katika visima vya njia ya misafara, baada ya majuma ya msiba, vita visivyoonekana vilikuwa vikipiganwa, na waliobaki hai wakadhani ni moshi wa mganga uliowaokoa. Silisemi hili kwa kuwadharau wafu. Nalisema kwa ajili ya walio hai, maana hata leo mtu aliyepona kwa sababu asiyoijua ni mwepesi wa kumlipa mtu asiyestahili.

TUSIJIDANGANYE

Hapa ndipo penye hatari niliyoitaja. Nikiwasomesha vijana jambo hili, huwa yuko atakayesema: kama maji yana walinzi wake, basi maji hujisafisha, kwa nini tuchemshe? Huyo ameshika nusu ya elimu. Maji ya Ganges yalikuwa na walinzi tangu siku za Hankin na kabla yake, na bado watu wa kando yake waliendelea kufa kwa kipindupindu. Mlinzi huyo huongezeka baada ya maradhi kuongezeka. Hungoja mazishi ndipo azae. Tena kijidudu nacho hujifunza kujikinga, na kirusi hutafuta hila mpya, wakishindana bila mwisho. D'Herelle mwenyewe alijaribu kuwatumia virusi hawa kama dawa ya kipindupindu huko India katika miaka ya 1920, na utafiti wa namna hiyo unaendelea hadi leo, lakini hakuna jamii iliyowahi kuokolewa na kipindupindu kwa kuwategemea wao na kuacha usafi wa maji.

Tutazame yaliyotupata. Tanzania ilipatwa tena na kipindupindu katika miaka ya 1970, na tangu 1977 hakikutuacha kwa muda mrefu. Mwaka 1997 waliougua walizidi 40,000, na waliokufa walizidi 2,000. Mwezi Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walijazana Kagunga, kijiji kidogo kando ya Ziwa Tanganyika, bila maji safi wala vyoo vya kutosha. Maelfu wakaugua, na meli ya zamani ya Liemba ikawa inawachukua kuwapeleka Kigoma. Ng'ambo ya ziwa, Uvira na Kalemie, maradhi haya yamekuwa kama mwenyeji. Mwaka 2017 wataalamu waliosoma maagizo ya uzazi ya vijidudu vilivyokusanywa kwa miaka mingi walieleza kuwa tangu 1970 aina hii imeingizwa Afrika mara 11 kwa uchache, ikitoka Asia. Kama siku za Christie, maradhi yamefuata njia za watu.

Basi tusiseme kuwa wageni ndio maradhi. Mpagazi aliyefia porini hakukileta kipindupindu kwa ubaya wake. Alikunywa kisima kile kile walichokunywa wote. Mkimbizi wa Kagunga hakukichagua. Kosa ni la kisima kisichotunzwa, na jukumu la kisima ni la waliokizunguka.

Dini yetu haikutuacha bila mwongozo. Mtume wetu (S.A.W.) alikataza mtu kujisaidia katika maji yaliyotuama, na aliwaonya watu na kwenda haja penye vyanzo vya maji, njiani na kivulini. Yatazame mambo hayo matatu uone kama hayakuwa ndiyo hali ya kambi za misafara. Tena tauni ilipozuka Sham katika mwaka wa 18 wa Hijra, Sayyidna Umar alifika Sargh, akataka ushauri, akageuza watu wake wasiingie. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kuwa anatoka katika kadari moja ya Mungu kuingia katika kadari nyingine. Kisha Abdurrahman bin Auf akamletea habari ya mafundisho ya Mtume, kwamba nchi yenye tauni haiingiwi, wala aliyemo haikimbii. Mwenye kutegemea huku hajafunga mlango wake, hilo si tegemeo bali ni uvivu.

Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870, mwaka wa msiba ule, aliuletea mji wa Unguja maji ya chemchemi kwa mabomba. Mengi yasemwe juu ya utawala wake, lakini bomba lile lilikuwa jibu la maana kuliko hirizi elfu. Na Tabora yetu, iliyohangaika na visima na mabwawa kwa vizazi, imeletewa maji ya Ziwa Viktoria kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2021. Neema hii ina wajibu wake: bomba lisitobolewe, choo kisichimbwe juu ya kisima, na pale bomba lisipofika maji yachemshwe au yatiwe dawa.

Na akipatwa mtu, asicheleweshwe nyumbani. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa vita vya Bangladesh, Dokta Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa maji yenye sukari na chumvi, na vifo vikashuka kutoka karibu 30 katika 100 hadi chini ya 4. Kila mama na alijue hili: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa, anyweshwe kidogo kidogo huku akipelekwa hospitali. Mgonjwa akitibiwa mapema, hafi hata mmoja katika mia.

Wale waliolala kando ya njia ya Bagamoyo hawakuwa na elimu hii, na Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu asilolijua. Sisi tunayo. Tutaulizwa juu ya kisima chetu.

Wabillahi tawfiq.